Mfalme Aliyesahau Kuwataja Watu

Wiki iliyopita niliunguza gauni la satini. Simu iliita nikiwa napiga pasi, nikageuka, na niliporudi moshi mwembamba ulikuwa umeshapanda, wenye harufu kama ya sukari iliyoungua pamoja na nywele. Nilichomoa waya ukutani. Halafu, badala ya kufungua dirisha, nikakaa sakafuni nikaivuta ile harufu taratibu, kwa sababu ilikuwa imenirudisha chini ya meza ya kukatia, katika gereji ya Ba kule Mayfair, nikiwa na miaka saba, na juu yangu vazi jekundu la mfalme likining'inia kama hema.

Ba ni jina ambalo Wagujarati humwita mama mzazi, kisha bibi, na mwishowe mtaa mzima huliokota. Ba wetu alizaliwa Ujiji, akaletwa Johannesburg akiwa bibi harusi, na Kiswahili chake kilibaki vilevile alivyokuja nacho, kipana na chenye "nakwambia" nyingi. Mumewe alipofariki aliliuza gari, na ndani ya gereji akaweka cherehani mbili, meza ndefu na rafu za vitambaa. Humo alishonea wanawake wa Kihindi blauzi za sari. Fundi wake alikuwa Papa.

Kabla ya Ba, Papa alikuwa na duka lake mwenyewe. Lilikuwa kontena la bluu, katika kitongoji cha mashariki ya jiji, pale tulipofikia tulipotoka Uvira. Siku moja watu waliotaka wageni waondoke walikuja wakalichoma, pamoja na spaza, yaani kijiduka, ya Msomali aliyekuwa jirani yetu. Mimi nakumbuka blanketi tu, maana nilibebwa nimefunikwa uso, na harufu iliyokuwa ikipenya ndani ya blanketi. Tulihamia Rosettenville, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Papa alifika na mikono yake yote miwili na macho yake yote mawili, lakini maneno yake hayakuja. Aliomba mkasi, aliomba chumvi, alisema funga mlango. Yule Papa aliyekuwa akibishana kuhusu mpira na kuwaiga wateja wake wakijipinda mbele ya kioo hakuwepo.

"Muache," mama alikuwa akiniambia nikimsumbua kwa maswali. "Ataongea." Alisema hivyo kama mtu anayesubiri maji yarudi bombani.

Baada ya shule nilikuwa naachwa gereji kwa sababu mama alisuka nywele mjini mpaka jioni. Ulikuwa msimu ambao mijakaranda inamwaga maua, na mlangoni kwa Ba kulikuwa na zulia la zambarau lililonata kwenye soli. Siku hiyo nilimkuta Papa ametandaza satini nyekundu kutoka ukuta mpaka ukuta. Alikuwa anatembea juu yake akiwa na soksi tu, chaki mkononi, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mezani kulikuwa na kola, moja, nyingine, na nyingine tena.

"Papa, huyu mteja ana shingo ngapi?"

"Kumi," alisema Papa, bila kuinua kichwa.

Alilisema kama namba ya kiatu, kwa hiyo nililipokea vivyo hivyo. Katika mji huu nilikuwa nimeshaona watu wa kila namna.

Ba ndiye aliyenieleza. Alikaa kwenye kiti chake akishona shanga za dhahabu kwenye mkanda mrefu kuliko chumba. "Mteja wetu anaitwa Ravana," alisema. "Mfalme wa kisiwa, ng'ambo ya maji. Kile kisiwa hakikuwa chake, nakwambia. Kilikuwa cha kaka yake. Akamtoa, akachukua mji wa dhahabu, akachukua na gari lake linaloruka."

"Linaruka kwa petroli?"

"Linaruka kwa kuambiwa twende."

Kuanzia hapo nilikuwa naingia chini ya meza kila alasiri, na Ba alinisimulia vita vya mteja wetu. Alikwenda chini kwa wafu akapigana na mfalme wao. Aliwashinda nyoka wanaoishi chini ya ardhi. Mwanawe alimkamata bwana wa mvua akamfunga kamba. Alikuwa amemwomba muumba kwa miaka isiyohesabika, akijikata vichwa vyake kimoja baada ya kingine kama sadaka, mpaka muumba akamwambia basi, sema unachotaka. Akataka asiuawe na miungu, wala majini, wala nyoka, wala ndege wakubwa. Akapewa, na vichwa vyake akarudishiwa.

"Na watu?" niliuliza.

"Watu hakuwataja."

"Alisahau?"

"Aliwadharau. Kwake yeye mtu alikuwa chakula tu." Ba alikata uzi kwa meno. "Nani aogope chakula?"

Jambo hilo lilinishangaza kuliko gari linaloruka. Katika watu wote niliowajua, mama, wanakwaya wa kanisani, hata watoto wa darasani kwangu waliotoka Burundi, hakuna ambaye angeanza na nyoka. Nilimwonea huruma. Niliona kuwa hakupata mtu wa kumshauri.

Lakini nilichokipenda hasa hakikuwa ushindi wake. Kilikuwa kushindwa kwake, maana alishindwa kwa namna ambazo hakuna mtu mwingine amewahi kushindwa. Aliukuta mlima ambao mungu mmoja alikuwa amekaa kileleni na mkewe, akataka kuung'oa kwa sababu ulimzibia njia. Mungu yule hakusimama. Alikandamiza tu kwa kidole gumba cha mguu, mlima ukashuka juu ya mikono ya mfalme, naye akanguruma mpaka ulimwengu ukatikisika. Akakaa pale amebanwa, karne na karne, akimwimbia yule aliyembana, mpaka akaachiliwa kwa ajili ya uzuri wa wimbo. Kisha kulikuwa na mfalme mwenye mikono elfu moja, aliyekuwa anaoga mtoni na wake zake. Kwa mchezo alinyoosha mikono akauziba mto. Maji yakarudi nyuma yakayasomba maua ambayo Ravana alikuwa ameyapanga ukingoni kwa ibada yake. Akaenda kugombana. Akafungwa, mfalme mzima, mpaka babu yake akaja kumwombea.

Na kulikuwa na nyani. Nyani huyu alikuwa mfalme pia, na kila alfajiri alikwenda kusali kwenye pwani za bahari nne. Ravana alimnyemelea kwa nyuma. Nyani hakugeuka hata kidogo. Alimkamata, akambana kwapani, akaendelea na sala zake.

"Bahari zote nne?" niliuliza.

"Zote. Anaruka, anasali, anaruka, anasali. Na yule bwana kwapani, vichwa kumi, pua kumi."

Pale juu ya cherehani kulitoka sauti ambayo sikuitambua mara moja. Ilikuwa kama mtu anayekohoa. Nilitoa kichwa nje ya meza. Papa alikuwa amesimamisha mashine, mabega yakimtikisika.

"Pua kumi," alisema Papa. "Ba, huyo nyani alikuwa ameoga?"

"Nyani anaoga wapi?"

"Maskini mfalme," Papa akasema, akafuta macho kwa kiganja, na siku hiyo ndani ya teksi alinisimulia yeye mwenyewe, kwa sauti, jinsi angeshona koti la mtu anayebebwa kwapani ili lisikunjamane. Alizungumza kuanzia Fordsburg mpaka roboti, zile taa za barabarani, ya kwetu Rosettenville. Mimi nilikaa kimya kabisa nisije nikamkatiza. Nilielewa, kama watoto wanavyoelewa, yaani bila njia yoyote ya kujirekebisha, kwamba ni mfalme huyu ndiye anayetengeneza sauti ya Papa. Kila aliposhindwa yeye, Papa alipata neno.

Ndiyo maana niliogopa vile Ba aliposema, akiwa anapima mkanda wake kwa mkono, "Fundi, tumalize mapema. Jumamosi wanamchoma."

"Wanamchoma saa ngapi?" Papa aliuliza.

"Jua likizama. Kule uwanjani Lenasia. Watu watajaa."

Papa aliitikia kwa kichwa na kuendelea kushona. Nilimtazama miguu yake kwenye kanyagio. Haikutetemeka. Nilifikiri: naye pia anaogopa, ndiyo maana hasemi. Nyumbani kwetu neno hilo halikuulizwa. Mama alikuwa akiita "ule wakati", na ukitaja moto hata wa jiko alikuwa akitazama mlango.

Jumapili Papa hakuja kanisani kwa sababu ya kazi. Kanisa letu lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri vya magari, viti vya plastiki na spika mbili kubwa kuliko mlango. Kulikuwa na desturi ya maombi ya watoto: mtoto mwenye shida anakwenda mbele, anapewa maikrofoni, anaitaja, na kanisa zima linaibeba. Kwa kawaida watoto waliomba kufaulu mtihani, au bibi wa Bukavu apone mguu. Niliinuka kabla mama hajanishika gauni.

"Kuna mteja wa Papa," nilisema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika ikiwa kubwa na ya mtu mwingine. "Hajazaliwa hapa. Ametoka ng'ambo ya maji. Watu wa Lenasia wamesema Jumamosi watamchoma, jua likizama. Naomba wasimchome."

Hakuna aliyecheka. Nimeshasimulia jambo hili mbele ya watu wengi tangu hapo, na kila mara wanacheka nikifika hapa, na mimi nacheka nao. Lakini siku hiyo, katika chumba kile chenye watu wa Uvira na Bukavu na Bujumbura, hakuna kiti kilicholia. Kisha Mama Riziki, aliyeuza mboga mbele ya kituo cha teksi na ambaye mumewe hakurudi nyumbani "ule wakati", alipiga magoti pale alipokuwa. Wengine wakafuata. Pasta aliichukua ile maikrofoni akasema, "Kanisa, tufunge kula."

Mama alinibana mkono njia nzima. "Papa yako amekuambia nini?"

"Hajaniambia kitu."

"Ndiyo yeye," mama alisema, akitazama mbele. "Ndiyo yeye kabisa. Atanyamaza mpaka watufikie."

Siku iliyofuata walikuja gereji: Pasta, mama, Mama Riziki na Ndugu Eliya, Mrundi aliyekuwa mlinzi na bado alikuwa amevaa sare ya kazini. Mimi nilikuwa chini ya meza. Papa alisimama, sindano mdomoni.

"Papa, tunajua," Pasta alisema. "Usitufiche. Iko wapi huyo mutu?"

"Mutu gani?"

"Alale kwangu Troyeville," Ndugu Eliya alisema haraka, kama aliyekuwa ameifanyia mazoezi. "Wapo Wakongomani tupu pale, hakuna atakayemuuliza. Nina godoro. Yuko peke yake au ana familia?"

"Nimemletea na chakula," Mama Riziki alisema. Kweli alikuwa na bakuli lililofungwa kwenye kitenge.

Papa alimtazama mama, mama akanitazama mimi chini ya meza, Papa akainama akanitazama naye. Kisha akaondoa sindano mdomoni, akakamata vazi kwa ncha mbili akalinyanyua. Lilipanda, likapanda, likafika kwenye taa, kola zake kumi zimepangwa begani kama bakuli kwenye rafu.

"Ni huyu," Papa alisema.

Ba aliingia na trei ya chai akakuta kanisa zima limesimama wima mbele ya satini. Aliwaeleza: ni mianzi, ni makaratasi, vijana wanamtengeneza kule uwanjani, kila mwaka anasimamishwa na kila mwaka anachomwa, kwa sababu hatimaye binadamu mmoja alimuua, binadamu ambaye mke wake alitekwa na mfalme huyu akakataa kumrudisha. Ndugu Eliya alikaa chini polepole. Mama Riziki alilifungua bakuli lake, akalitazama, akalifunga. Halafu akaanza kucheka, cheko la kutoka tumboni, mpaka ikabidi ashike cherehani.

"Eish, Pasta," alisema. "Tumefunga kwa ajili ya mianzi."

Pasta hakucheka. "Mama," alimwambia Ba kwa adabu, "sisi sanamu hatuzisogelei. Ndugu yetu anamshonea mungu wenu nguo?"

"Mungu wetu? Pasta, ungemchoma mungu wako?"

"Basi ni shetani."

"Shetani naye si huyu. Huyu alikuwa msomi. Alijua nyota, alipiga zeze, alisali kuliko mimi. Aliharibikiwa tu."

Pasta alifikiri. "Basi achomwe," alisema hatimaye, na sasa wote walicheka, hata mama, na chai ikanywewa, na chakula cha mfalme kikaliwa na Ndugu Eliya, ambaye Pasta alimfungulia mfungo palepale. Walipokuwa wanaondoka Mama Riziki alibaki nyuma mlangoni. Alikuwa amelishika vazi kwa vidole viwili, kama anayepima bei.

"Fundi umeshona vizuri," alimwambia Papa. "Ila mimi usinialike. Hata awe wa makaratasi."

Papa alilikunja vazi akalirudisha mezani. Hakusema neno jioni ile wala kesho yake. Ba alijaribu nyani tena, akaongeza na pua, lakini Papa alishona tu. Mimi nilijua sasa kwamba mfalme hana damu. Haikunisaidia. Niliona sauti ya Papa imeshaanza kuondoka, na kwamba Jumamosi kitakachobaki chake kitapanda na moshi.

"Ba," nilinong'ona, "hawezi kurudi kwa muumba aombe tena? Awataje na watu?"

"Mtu anaulizwa mara moja, mwanangu."

Jumamosi tulikwenda Lenasia nyuma ya bakki, gari dogo la mizigo, ya mpwa wa Ba, tumekaa juu ya magunia. Nilimwona kabla hatujasimama. Alikuwa amesimama juu ya nyumba zote, mwekundu, na upepo wa alasiri ulikuwa umeingia mikononi mwake ukaijaza, kwa hiyo alikuwa anapumua. Vichwa kumi vilitazama upande mmoja, vyenye masharubu meusi yaliyopinda, na vyote vilionekana kushangaa kidogo, kama watu walioamshwa. Satini ilipokamata jua sikuona mianzi tena. Niliona mkono uliowahi kunyanyua mlima. Papa alimzunguka mara moja, akanyanyuka kwa ncha za vidole kumwekea sawa pindo lililojikunja, akarudi kusimama karibu yangu.

Watoto walikimbizana na mishale ya makaratasi. Ngoma zililia. Jua lilipogusa mapaa, mwenyekiti wao, mzee mwenye shati jeupe, alikuja moja kwa moja kwetu. Kwao ilikuwa heshima: waliomtengeneza mfalme ndio wanaoanza kumwasha. Vijana wa mianzi walikuwa wameshapewa mienge yao. Wa kwanza kabisa ulikuwa wa fundi aliyemvalisha. Watu walimpigia Papa makofi. Mzee aliuweka mwenge mkononi mwake.

Niliushika mkono wake mwingine. Sikusema usichome. Papa aliutazama ule moto kwa karibu, na uso wake uliwaka upande mmoja, na makofi yakaendelea, kisha yakapungua, kisha watu wakaanza kutazamana. Mtu mmoja nyuma yetu alimwambia kwa Kiingereza asiogope, ni mchezo tu.

"Samahani, mzee," Papa alimwambia mwenyekiti, kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho kilichokuja. "Mimi huyu nimemvalisha. Wa kumchoma atafutwe mwingine."

Mzee hakuelewa. Ba alielewa. Alikuja na viatu vyake vya nyumbani, akautoa mwenge mkononi mwa Papa bila kumtazama usoni, akamwambia mzee maneno machache ya Kigujarati, akaenda nao yeye mwenyewe. Papa alinibeba, ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kubebwa, tukapenya katikati ya watu mpaka kwenye bakki. Alinikalisha juu ya gunia na yeye akakaa mbele yangu, mgongo kwa uwanja. Kwa hiyo mimi niliona na yeye hakuona. Moto ulianzia kwenye pindo. Ulipanda kwa ulaini, kama mtu anayevaa, ukaingia kwenye mikono, na kwa muda mfupi mfalme alikuwa mzuri kuliko alivyokuwa mchana kutwa, amesimama ndani ya nguo mbili. Kisha watu wakapiga kelele za shangwe.

Papa alizisikia kelele mgongoni.

"Unalikumbuka kontena letu?" aliniuliza.

"La bluu."

"La bluu," Papa alisema. "Aliyeleta moto nilimjua. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa Msomali, nawaona wote. Usoni alikuwa amejifunga kitambaa, lakini nilimjua kwa suruali. Suruali ya shule ya kijivu. Nilimshonea mimi."

Nyuma yake kichwa kimoja kilianguka, kisha kingine. Sikumwambia.

"Mama yake aliniomba niache kitambaa cha ziada kwenye pindo," Papa alisema, "kwa sababu mtoto anarefuka. Nikaacha. Siku ile nikaona limeshashushwa. Limeshonwa kwa mkono, uzi mweusi, limepinda upande wa kushoto. Watu wanakimbia, wanapiga kelele, na mimi macho yangu yako pale. Nani amemshonea vibaya hivi."

Nilifikiri. "Wangekuletea wewe."

"Wangeniletea mimi," Papa alisema. Alijifuta uso kwa mkono wa shati, akavuta pumzi, akaanza kuniambia jina la yule kijana, na jina la mama yake, na rangi ya mlango wao, na hakunyamaza mpaka Rosettenville.